Vitabu vya Barly Baruti: msomaji wa Minova aanze na kipi?

MINOVA – Ukisimama kando ya ziwa hapa Minova, wilaya ya Kalehe, unaona kisiwa cha Idjwi. Wajerumani walikiteka Septemba 1914, na vita vya wazungu vikafika mlangoni mwa babu zetu. Shuleni habari hiyo hupita kwa mistari miwili tu.

Ndiyo maana kijana ambaye hajawahi kufungua BD akiniuliza aanze na kipi, ninamjibu bila kuzunguka: Madame Livingstone. Mchoraji ni Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Hadithi aliitunga pamoja na Mfaransa Christophe Cassiau-Haurie, na kitabu kilitoka 2014 kwa mchapishaji Glénat.

Mambo yanatokea ziwa Tanganyika, kule maji ya Kivu yanakoshukia kwa mto Ruzizi. Rubani Mbelgiji, Gaston Mercier, ametumwa kuipiga meli ya Kijerumani, Graf von Götzen. Anayemwongoza ni mchotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kujiita mtoto wa Daktari Livingstone, ndiyo maana ya hilo jina la utani. Utaanza kwa kuicheka ile sketi. Kisha kicheko kinakauka, maana bila mtu huyo rubani hafiki popote.

Meli yenyewe si ya kubuni. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baadaye ikaopolewa na kuitwa Liemba, ikabeba abiria kati ya Kigoma na Mpulungu kwa miaka mingi.

Nina lawama moja. Jeshi la Force Publique lilibebewa mizigo na wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi hawakurudi nyumbani. Kitabu kinakaa karibu na rubani na mwongozaji wake; hao wapagazi nilitamani kuwaona zaidi.

Anayependa ngumi achukue Chaos debout à Kinshasa (2016), alichokichora kwa maandishi ya Thierry Bellefroid. Ni Kinshasa ya 1974, Ali na Foreman, Mobutu akitaka dunia nzima imtazame. Hapa rangi za Baruti zinang'aa kuliko kwingine, hata pale hadithi inapojipotezea njia.

Vitabu hivyo viwili kila kimoja kinajitosheleza. Eva K. na Mandrill, alivyochora na Frank Giroud, ni mifululizo: usinunue cha katikati kwa sababu ni rahisi, hutaelewa kitu.

Wasomaji wa zamani, wale wa Jeunes pour Jeunes la 1968 na Apolosa wake, wataniuliza kuhusu Tintin au Congo. Bienvenu Mbutu Mondondo alikipeleka mahakamani Ubelgiji 2007, akashindwa 2012. Baruti mwenyewe alipata mafunzo kwenye studio ya Hergé miaka ya 1980. Hakutoka pale kuchora Kongo ya Hergé. Mzee aliyekulia na Tintin akivilaza vitabu hivyo viwili kando kwa kando, ataona tofauti kwenye nyuso za watu kabla hajasoma neno.

Shida ni kwamba viliandikwa kwa Kifaransa na bei yake ni ya euro. Madame Livingstone niliwasomea watoto wa nyumbani nikitafsiri ukurasa kwa ukurasa. Swali lao la kwanza halikuwa juu ya meli. Waliuliza kama babu wa Idjwi naye alibebeshwa mizigo.