Teke la Bastola: Yapi Kweli, Yapi Uzushi

Kuanzia Arua Hill hadi Koboko na mpakani Oraba, ni vigumu kumkuta mtu mzima asiye na neno la kusema kuhusu bunduki. Nile Magharibi ilitoa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kwa miongo mingi, Idi Amin akiwamo, aliyeandikishwa mwaka 1946. Vita vya 1979 vilivyomwangusha Amin vilipita hapa hadi mpaka wa Sudan. Waasi wa UNRF II walitia saini mkataba wa amani Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Historia hiyo imetuachia wajuzi wengi wa silaha. Imetuachia pia maneno ambayo kijana huyapokea kwa mjomba wake bila kuyapima.

Mengi ya maneno hayo yanahusu teke, ule mshtuko unaorudi kwenye kiganja na kifundo cha mkono bastola inapofyatuliwa. Nayachukulia kwa uzito kwa sababu teke lina sehemu kubwa katika kuamua risasi itaishia wapi, na katika mji uliosongamana kama Arua risasi iliyokosa shabaha haipotei hewani. Inaishia katika ukuta wa mtu, au katika mwili wa mtu.

"Bastola inayopiga teke kali ndiyo yenye nguvu." Si kweli.

Baruti inapoisukuma risasi mbele, huisukuma silaha nyuma kwa kiasi kile kile. Silaha itarudi kwa kasi gani, hilo linategemea uzito wake. Chukua risasi ya milimita 9 yenye gramu 8, itoke kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde. Ipige kwa Beretta M9, ambayo ina gramu 950 hivi, kisha ipige kwa kasi ile ile kwa SIG P365 yenye gramu 500 hivi. Shabaha haitaona tofauti yoyote. Mkono wako utaiona, kwa kuwa nishati ya teke katika bastola ile nyepesi ni karibu mara mbili. Teke limeongezeka, na nguvu ya risasi haijaongezeka hata chembe.

Ushahidi mzito kuliko wote ninaoujua ulitolewa katika ardhi yetu wenyewe, ingawa kwa bunduki ndefu. Mwanzoni mwa karne iliyopita sehemu hii ilikuwa ndani ya Lado Enclave, eneo lililokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake. Leopold alifariki Desemba 1909. Eneo likapita mikononi mwa Sudan, na mwaka 1914 kipande cha kusini kikaunganishwa na Uganda. Katika miaka ya mwisho ya Lado Enclave wawindaji wa Kizungu walimiminika kutafuta pembe, wengi wao bila kibali cha mtu yeyote. Mmoja alikuwa Mskoti W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo Bell.

Wawindaji wengi wa tembo siku zile waliamini bunduki kubwa za mitutu miwili. Risasi moja ya .577 ina gramu karibu 49, na teke lake humyumbisha mtu mzima. Bell alishikamana na Rigby ya .275, ambayo risasi yake ina gramu 11 hivi, imefunikwa kwa chuma kigumu ili ipenye mfupa bila kupasuka. Alikata fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi hasa. Maishani mwake aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi hiyo ndogo. Siusifu uporaji ule. Lakini aliyoyaonyesha Bell hayana pingamizi: bunduki isiyomuumiza ilimwacha atulie, aone risasi imeingia wapi, na apige tena upesi ikibidi.

"Risasi kubwa humrusha mtu nyuma." Uongo wa sinema.

Rudi kwenye risasi yetu ya gramu 8. Ikimwingia mtu wa kilo 70 na kubaki mwilini, msukumo wake wote hauwezi kumsogeza hata sentimita 5 kwa sekunde. Mtu huanguka kwa sababu ya kilichoharibiwa ndani yake. Kama risasi ya bastola ingemrusha anayepigwa, ingemrusha na anayepiga.

"Mwanamume wa kweli haogopi teke." Si kweli, na majeshi yalilijua hilo zamani.

Huu ndio uzushi unaoharibu walenga shabaha wengi kuliko mwingine wowote. Baada ya mishindo michache mikali, mwili hujifunza kuutarajia mshtuko. Sekunde ile ya mwisho, kabla kifyatuo hakijafika mwisho wake, kiganja kinakaza na kuusukuma mtutu chini ili kukabili teke ambalo bado halijaja. Risasi inaingia chini ya shabaha. Ujasiri hauhusiki, ni jinsi kope zinavyojifunga vumbi likivuma. Mwenye misuli mikubwa hufanya hivyo, mwenye mikono myembamba hufanya hivyo, na anayejigamba kwamba hasikii kitu mara nyingi ndiye anayefanya zaidi, maana hajichunguzi.

Waingereza waliotutawala walilipia somo hilo. Maofisa wao katika Vita Kuu ya Kwanza walibeba rivolva ya Webley ya .455, silaha nzito yenye teke la kutosha. Baada ya vita, jeshi likakubali kwamba mtu aliyefundishwa haraka haimudu, na mwaka 1932 likapitisha Enfield ya .38 kwa sababu ilikuwa nyepesi na rahisi kuitawala. Katika KAR bastola ilikuwa silaha ya ofisa, huku askari wetu wakibeba bunduki ndefu. Nadhani hapo ndipo bastola ilipojengewa heshima iliyozidi uwezo wake: ilikuwa alama ya cheo kabla haijawa chombo cha kazi.

Marekani ilihitaji miaka 30 kufika palepale. Tarehe 11 Aprili 1986, maafisa wawili wa FBI waliuawa katika mapambano ya risasi Miami. Lawama kubwa iliangukia risasi moja ya milimita 9 iliyomwingia jambazi ikasimama kabla ya kuufikia moyo. Shirika likachagua risasi ya milimita 10, iliyo kali zaidi. Teke lake likawa mzigo kwa wengi, ikabidi ipunguzwe baruti. Kutokana na jaribio hilo ikazaliwa .40 S&W mwaka 1990, na polisi wa miji mingi ya Marekani wakaikumbatia. Wakati huohuo viwanda vilikuwa vinaiboresha risasi ya milimita 9 yenyewe, ipenye kwa kina cha kutosha na kutanuka vizuri. Mwaka 2016 FBI ikatoa mkataba wa bastola za Glock za milimita 9. Sababu ilisemwa wazi: maafisa walipiga haraka zaidi na kukosa mara chache zaidi kwa silaha yenye teke dogo. Jeshi la nchi kavu la Marekani nalo, lilipochagua SIG P320 Januari 2017, lilibaki na milimita 9, risasi iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1902.

"Bastola ndogo ndiyo inayomfaa mwanamke au anayeanza." Si kweli.

Muuzaji husema hivyo kwa sababu ni rahisi kuifikiria. Hesabu ya hapo juu inamkana. Bastola ndogo ina uzito mdogo, mpini mfupi usiotosha vidole vyote, na mtutu mfupi unaofanya mshindo na mwako kuwa mkali zaidi. Ni silaha ya mtu mwenye ujuzi anayehitaji kuificha. Anayeanza, awe mwanamke au mwanamume, afundishwe kwa bastola kamili yenye uzito, na ukubwa wa kiganja chake ndio uamue mpini.

"Bastola ya plastiki haipigi vizuri, tena haionekani kwenye mashine za uwanja wa ndege." Si kweli mara mbili.

Jeshi la Austria lilipokea Glock 17 mwaka 1982, na filamu ya mwaka 1990 ikaeneza hadithi ya bastola ya kauri isiyoonekana. Mtutu na kifuniko kinachoteleza juu ni chuma tupu, na mashine huviona. Fremu ya plastiki ngumu hunepa kidogo wakati wa mshindo, na wengi huliona teke lake kuwa laini kuliko uzito wake mdogo unavyotabiri.

"Kuna mahali teke kali hulipwa." Kweli.

Katika mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha lililoanzishwa mwaka 1976, risasi hupimwa uzito na kasi. Aliyepiga risasi yenye msukumo mkubwa hupata pointi 4 katika eneo la pili la shabaha, mwenye risasi laini hupata 3. Wenye mchezo wamekubali kwamba teke ni kikwazo, ndiyo maana anayekibeba anafidiwa. Katikati ya shabaha wote wawili hupata 5.

"Arua ukiwa na pesa, bastola unaipata kama simu." Si kweli kisheria.

Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamtaka kila mmiliki awe na cheti, na mamlaka ina haki ya kumkatalia. Baada ya Mbunge wa Manispaa ya Arua, Ibrahim Abiriga, kuuawa kwa risasi Matugga tarehe 8 Juni 2018, Rais Museveni aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama zake. Kila silaha huacha mikwaruzo yake kwenye ganda na kwenye risasi, iwe ya teke kali au dogo. Silaha iliyovushwa kimya kutoka Ariwara au Kaya, ng'ambo ya mpaka, haimo katika kumbukumbu hizo. Anayeichekelea mezani kama ujanja wa mjini afikirie familia zilizozika.

"Bastola za kesho hazitapiga teke." Nusu kweli.

Teke lenyewe haliondoki, kwa maana risasi haiwezi kwenda mbele bila kitu kurudi nyuma. Kinachobadilika ni jinsi linavyoufikia mkono, na hapo wabunifu wanakimbilia. Njia mojawapo tunaiona kila siku bila kuitambua. Mtazame mlinzi wa benki mwenye bunduki ya ukoo wa AKM, iliyoingia katika jeshi la Muungano wa Sovieti mwaka 1959. Mara nyingi mwisho wa mtutu wake umekatwa mshazari. Moshi wa baruti hugonga mkato huo na kuusukuma mtutu chini, kwani bila hivyo hupanda juu kuelekea kulia. Wazo hilo sasa limepenyezwa kwenye bastola za kubeba mfukoni: mwaka 2022 SIG ilitoa P365 yenye matundu juu ya kifuniko yanayoachia gesi ipande ili mtutu ushuke. Mtutu unaojizungusha ili kuchelewesha mshtuko, ambao Beretta iliuuza kama jambo la kisasa katika Px4, ulikuwamo katika Steyr ya 1912.

Kuna pia kilengeo cha nukta nyekundu, kinachofungwa juu ya kifuniko. Hakipunguzi teke hata kidogo. Faida yake ni kwamba nukta hucheza mbele ya jicho, na mpigaji anaona jinsi mkono wake ulivyotikisika. Nakiona kuwa badiliko lenye maana kuliko mengine yote, kwa sababu kinamwambia mtu ukweli kuhusu mkono wake mwenyewe. Upande wa risasi mambo ni ya polepole. Mwaka 2022 Federal ilileta .30 Super Carry, nyembamba zaidi, ili magazini ibebe risasi nyingi, na wateja hawakuifuata kwa wingi. Milimita 9 inaelekea kubaki nasi kwa muda mrefu.

"Teke linazoeleka kwa kupiga risasi nyingi." Si kweli.

Kupiga mamia ya risasi huku mkono unashtuka ni kuufundisha mkono kushtuka. Wakufunzi wazuri hufanya kinyume. Mwenzako anajaza magazini kwa siri, risasi za kweli zikichanganywa na za bandia zisizo na baruti. Unapofika kwenye ya bandia, mlio haupo, na mtutu uliozama unakusaliti mbele ya kila mtu. Zoezi jingine halitumii risasi hata moja: bastola inahakikishwa kuwa tupu mara mbili, mkufunzi akiwapo, ikielekezwa mahali salama. Sarafu ya shilingi 500 inawekwa juu ya kifuniko karibu na kilengeo cha mbele, kisha unavuta kifyatuo polepole hadi kilie. Sarafu ikianguka, unaanza tena.