TUNDU KWANZA, PICHA BAADAYE!

Umewahi kumtoboa mtu jicho kwa keekee? Mimi nimefanya. Tulia, hakuna aliyelazwa. Kilichotobolewa ni lipiko, kinyago cha ngoma ya Wamakonde, nililolichora siku nne bila kulala vizuri.

Ilikuwa hivi. Mimi na binamu yangu pale Lulindi, Masasi, tuliamua kuunda boksi la gemu la kusimama, lenye stiki na batani za kugonga kwelikweli. Tulilenga msimu wa korosho, washikaji wakiwa na mshiko mfukoni. Kompyuta kuukuu tulikuwa nayo. Batani tuliagiza Dar kwa hela ya korosho za mama, niliyokopa kwa kiapo. Ubao alitoa mjomba, fundi seremala.

"Ni huu mmoja tu, mpwa wangu. Ukiharibu, mkachezee mkekani."

Mimi msanii wa kujitangaza nikaanza na picha. Lipiko kubwa katikati, chale usoni, bab'kubwa! Ndipo tukakumbuka batani. Gemu kama Street Fighter II ya Capcom, ya mwaka 1991, linataka batani sita kwa mchezaji: ngumi tatu, mateke matatu. Wachezaji wawili ni kumi na mbili, bado stiki. Batani zetu zinataka tundu la milimita 30, na toka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine tuliacha kama milimita 36, vidole visipandane.

Binamu akatoboa. Tundu la kwanza, jicho. La pili, mdomo. Nilichoka!

Mjomba hakunihurumia. "Hata lisingetoboka ningelifuta. Lipiko lina wenyewe." Kweli bwana, zamani wanawake na watoto hawakutakiwa hata kujua kuwa ndani yake kuna mtu, halafu mimi naliweka lipigwe makonde na kila mpita njia.

Akaziba matundu kwa vipande vya mbao na gundi, akapiga msasa, akatupa boksi tupu la sabuni. Tukalikata saizi ya ubao, tukalaza viganja juu yake, tukafuata vidole kwa penseli. Kumbe kidole cha kati ni kirefu, kwa hiyo safu ya batani haitaki rula, inataka kupinda! Tukasimama bega kwa bega, viwiko vikagongana, tukasogeza stiki. Batani ya kuanzia tukaipeleka juu kabisa, mbali na mkono wenye hasira. Tulichora maboksi matatu kabla ya keekee kugusa tena ubao.

Matundu yakiwa tayari, nikamkumbuka George Lilanga, mzaliwa wa wilaya yetu ya Masasi, aliyefariki mwaka 2005. Mashetani yake yana masikio makubwa na yanajaa hadi kwenye kona. Nami nikachora vijitu vyangu kuzunguka matundu: hili jicho, lile kitovu, lile mdomo unaopiga kelele. Rangi ilikuwa ya mafuta, jamii ya ile ya baiskeli aliyotumia Edward Tingatinga wa Tunduru. Juu tukafunga plastiki ngumu inayoonyesha, maana jasho la mikono hula rangi.

Mama akaja kuona. Akainama, akazitazama batani moja moja bila kucheka.

"Ya kurudisha hela yangu ni ipi?"