Samani za Kale kwa Nyumba ya Wageni: Anza na Kitanda

Mwenye nyumba ya kupangisha wageni anayependa samani za kale mara nyingi huanza kununua vidogo vidogo: taa ya chemni, kinara cha shaba, saa ya ukutani, birika la kahawa. Nyumba hujaa haraka, fedha huisha, na kitanda hununuliwa mwisho kabisa, kile cha bei rahisi kinachopatikana njiani. Namsihi ageuze mpangilio huo. Mgeni anakodi mahali pa kulala. Kitanda kikiwa cha kale, imara na kizuri, chumba kimeshapambwa, na kuta zaweza kubaki na chokaa yake tupu.

Sisi wa pwani tumebahatika kuwa na samadari. Ni kitanda kirefu cha nguzo nne zilizokerezwa, na juu yake kuna besera. Vingine vina vioo vilivyochorwa maua kichwani, vingine nakshi za kuchonga kwenye kitakizo. Baadhi yake vililetwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi, vingine viliundwa hapa hapa na mafundi walioufuata mtindo huo. Bado vinapatikana Unguja na Lamu, katika maduka ya vitu vya kale na katika nyumba za familia ambazo vijana wake wamehamia vitanda vipya. Ukibahatika kununua kwa wenyewe, uliza kilikuwa chumba gani na kilikuwa cha nani, kisha andika. Mgeni anayelala humo atakuuliza.

Tatizo la samadari ni vipimo. Mafundi wa zamani hawakuyajua magodoro yetu ya futi tano kwa sita na sita kwa sita. Pima ndani ya fremu, urefu na upana, halafu mwagize muuza magodoro akukatie sponji ya kipimo hicho. Kitanda kisipanuliwe ili kifuate godoro. Mfumbati ukishakatwa na kuungwa, nguvu zake zimekwisha na thamani yake imekwenda nayo. Kama kitanda ni kifupi, liseme hilo wazi unapokitangaza chumba, maana mtu wa futi sita na ushei atalala amekunja magoti usiku kucha na hatarudi tena. Godoro lenyewe na mito viwe vipya. Hapo sina mjadala na mtu.

Chini ya godoro ondoa mbao zilizochoka, weka chaga mpya za mbao ngumu zilizokaribiana, na kwa kitanda cha watu wawili ongeza mguu wa katikati. Kazi hii ifanywe upande wa ndani, kwa skrubu chache, ili siku moja iweze kufunguliwa bila kuacha kovu. Urefu wa samadari nao unahitaji kufikiriwa: mzee au mtoto hapandi kirahisi. Kibao imara cha kukanyagia, cha mbao ya aina ile ile, kinatatua jambo hilo. Nguzo zile nne, ambazo wapambaji wengi huzitundikia vitambaa vya rangi, zina kazi yake ya asili, nayo ni kushika chandarua. Pwani yetu ina mbu na ina malaria. Chandarua kilichotandazwa vizuri juu ya nguzo nne, kinachofika chini ya godoro pande zote, ni kizuri kwa macho na kinamlinda aliyelala. Hakuna pambo litakalolipa zaidi ya hilo.

Kitanda cha kamba, teremka tukaze, nacho hupendwa na wageni, lakini kisiwe kitanda cha usiku. Kamba hulegea, na mgeni hajui kuikaza. Kiweke barazani au juu ya dari, kiwe cha kujinyoosha alasiri, na uwe na mtu wa kukikaza kila kinapobonyea.

Sasa tuje kwenye namna ya kukagua. Nikiingia dukani au mnadani, rangi na nakshi naziacha mwisho. Kwanza nakigeuza kitu chini juu. Upande usiopakwa vanishi ndio unaosema kweli: hapo utaona mbao yenyewe, alama za randa, misumari iliyoongezwa na viraka. Mvule, mtiki na mninga huvumilia unyevu na mchwa kwa miaka mingi. Mbao laini kama paina, au mwembe, zikikaa pwani bila dawa hupata wadudu mapema, hata zikipakwa rangi nyeusi zifanane na mpingo.

Halafu natafuta matundu. Tundu dogo la bungua lenye kingo nyeusi laweza kuwa la zamani, mdudu ameshaondoka. Tundu lenye kingo safi, na unga mweupe mbichi unaoanguka chini yake, maana yake bado anakula. Weka karatasi nyeusi chini ya kitu hicho kwa siku kadhaa. Unga ukionekana tena, kisiingie ndani kabla ya kutibiwa. Dawa za jamii ya boraksi hufanya kazi vizuri kwenye mbao isiyo na vanishi, kwa kuwa hunyonywa ndani. Mchwa wao hujulikana kwa vijia vya udongo miguuni mwa samani, na hao hawamalizwi kwa kutibu kiti: lazima utafute wanakotoka, yaani sakafuni au ukutani.

Kunguni ndiye anayeweza kufunga biashara yako. Hujificha katika viungo vya kitanda, katika matundu ya skrubu, katika pindo za kitambaa cha kiti, na anaweza kukaa miezi bila kula. Ndiyo maana sinunui kiti chenye sponji na kitambaa cha zamani ila kwa nia ya kuvua vyote na kubakiza mbao tupu. Kwa vitu vya mbao, fungua kila kiungo kinachofunguka, pitisha mvuke wa moto katika nyufa polepole, angalia kwa tochi. Kunguni na mayai yake hufa katika joto la nyuzi 50 za Selsiasi, ila joto hilo lazima lifike hadi ndani ya ufa, na kwa vanishi ya kale usilikaribishe mno. Mito midogo na vitambaa unavyotaka kuvihifadhi vinaweza kukaa kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne kamili. Kuanika juani barazani peke yake hakutoshi.

Kwa upande wa viti, kaa. Kaa kwa uzito wako wote, egemea nyuma, jisogeze kushoto na kulia. Kiti kikilia au kikicheza, kiungo kimelegea. Kiti cha zamani kilichoundwa vizuri hushikwa na ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu lake, pamoja na gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa. Uzuri wa gundi hiyo ni kwamba joto na maji huilainisha, hivyo fundi anaweza kukifungua kiti, kusafisha kiungo na kukigundisha upya. Fundi mwenye haraka atakupigia msumari. Mkataze. Msumari hupasua ulimi, na baada ya miezi michache mgeni mzito ataanguka na kiti.

Kiti ninachokipendekeza zaidi kwa meza ya kulia ni kile cha mbao iliyopindwa kwa mvuke, ambacho bado hupatikana katika miji yetu ya zamani. Mfano wake maarufu kuliko yote, namba 14, ulitoka mwaka 1859 katika kiwanda cha Michael Thonet huko Austria. Kiliundwa kwa vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Kilisafirishwa kikiwa kimefunguliwa, viti 36 ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo, ndiyo maana kilienea duniani kwa meli. Vilivyoko hapa kwetu vingi ni vya viwanda vilivyofuata mfano huo, lakini sifa ni ile ile: kiti chepesi, kinachofungwa kwa bisibisi, kinachotengenezeka. Sehemu yake dhaifu ni kikalio cha henzirani. Kikibonyea, kilowanishe kwa chini kwa maji moto ukiache kikauke chenyewe. Mara nyingi hujikaza. Kinachokivunja hasa ni mgeni anayesimama juu yake ili afunge chandarua au awashe feni, kwa hiyo weka stuli imara chumbani, mahali inapoonekana.

Ambaye mfuko wake haufiki kwenye maduka ya vitu vya kale asikate tamaa. Serikali za kikoloni ziliunda samani nyingi za nyumba za maofisa kwa mvule na mninga: viti vipana vya mikono, meza za kuandikia, kabati zisizo na nakshi. Hujitokeza minadani na kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, pengine zikiwa chini ya tabaka za rangi ya mafuta. Ni samani za kazi, zilitengenezwa zitumike vibaya, nami naziamini zaidi kuliko kiti kipya cha bei hiyo hiyo. Ila rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huwadhuru watoto hasa. Isipigwe msasa mkavu ndani ya nyumba. Itolewe kwa dawa ya kubambua rangi, nje, na mabaki yakusanywe.

Usafirishaji nao una madhara yake. Kabati lililozoea unyevu wa Lamu likipandishwa Nairobi, mbao hukauka na kusinyaa, milango hupinda, viungo huachia. Linunue kwa kulijua hilo, uliweke mbali na jua la dirishani, wala usikimbilie kuziba nyufa kabla halijazoea hewa mpya. Kitu cha pwani kikae pwani, ikiwezekana.

Vanishi ya kale ina adui mmoja mkubwa katika nyumba ya wageni: gilasi. Kikombe cha moto huacha duara jeupe, na manukato au dawa ya mikono yenye spiriti huyeyusha kabisa vanishi ya shelaki. Usikwangue meza hadi mbao mpya ionekane ili kuondoa doa. Ile rangi ya asali iliyokolea hujengwa na miaka mingi, na fundi hawezi kuirudisha. Isafishe kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo na kukamuliwa, ipake nta ya nyuki kwa wepesi, na juu ya meza ya chai weka kioo kilichokatwa kwa kipimo chake. Kwa meza ya jikoni paka vanishi ngumu ya kisasa bila kuona haya, kwa kuwa hiyo ni meza ya kukatia vitunguu.

Kasha lililopigwa njumu za shaba watu hulifanya meza ya sebuleni. Sioni vibaya, mradi kifuniko kiwe na kishikio cha kukizuia kisimbane mtoto vidole. Makasha haya wafanyabiashara huyagawa kwa majina ya Surat, Bombay na Shirazi, na bei hupanda kwa kila jina. Mengi yanayouzwa leo ni mapya, yameundwa juzi na kukolezwa rangi. Fungua ndani unuse, kagua bawaba, tazama kama shaba imechakaa pale mikono inaposhika na si kila mahali sawasawa. Kasha jipya lililoundwa vizuri na fundi wa Zanzibar ni kitu cha heshima, lakini lilipiwe bei ya kasha jipya.

Ukishanunua, iheshimu nyumba. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu tangu 2001, na nyumba zao zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari hubebwa na boriti za mkoko, ambazo hazifiki mbali, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita tatu. Seti ya makochi ya leo haienei humo. Ulili mwembamba na viti viwili hutosha. Kuta hunyonya unyevu na kutoa chumvi. Kabati lisigusane nazo, liachiwe nafasi ya vidole vinne hewa ipite. Palipo na zidaka usitundike rafu: mgeni ataweka miwani, vitabu na simu yake humo, kama zilivyokuwa zikiwekwa sahani na misahafu.

Yapo mambo mawili ninayoyakataa. La kwanza ni kiti cha enzi au kitu chochote chenye pembe za ndovu, hata kama muuzaji anaapa ni cha karne ya 19. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES mwaka 1989, na sheria za nchi zetu ni kali. Ukitaka kuvijua viti vya enzi, nenda ukavitazame katika jumba la makumbusho la Lamu. La pili ni milango ya kuchonga iliyong'olewa, inayogeuzwa vichwa vya vitanda na meza za kulia. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, lakini hata pasipo na sheria jambo hili linaumiza. Mgeni amesafiri kuja kuuona mji, na mji unaong'olewa milango ili kupamba vyumba vya wageni hautakuwa na cha kuwaonyesha. Dalali akikuletea mlango wa kale, muulize umetoka nyumba gani, na kama nyumba hiyo bado imesimama, mwambie aurudishe.