Noeli ya Mgeni Katika Nchi ya Issenye

Mtu aliyezaliwa na kulelewa katika nchi za kaskazini ya dunia, ambako Desemba huja na theluji, usiku mrefu na moto wa kuni sebuleni, akijaaliwa kuja kufanya kazi Issenye, magharibi ya mbuga ya Serengeti, hufikwa mwishoni mwa mwaka na hali ambayo hakuna aliyemtayarisha kwayo: kalenda humwambia kuwa Krismasi imekaribia, ilhali kila alionalo kwa macho humwambia kuwa bado. Mvua za vuli zimeotesha majani, ng'ombe wamenawiri, mashamba yanangoja palizi, na jua la adhuhuri linamchoma utosi. Akiwaandikia jamaa zake, huwaambia kwamba mwaka huu anasherehekea Noeli katika kiangazi, nao huko kwenye baridi humwonea wivu.

Kwa hesabu ya wanafalaki, hakusema uongo. Mnamo tarehe 21 au 22 Desemba jua huwa limefika ukomo wake wa kusini, na nusu nzima ya kusini ya dunia iko katika kiangazi chake. Mjini Melbourne, Australia, mchana wa siku hizo huzidi saa 14, na tangu 1938 watu wa mji ule wamekuwa wakikusanyika nje usiku, wakiwa na mishumaa mikononi, kuimba nyimbo za Noeli. Lakini Issenye iko kiasi cha nyuzi mbili tu kusini ya ikweta, na mchana wake wa Desemba huzidi saa 12 kwa dakika chache ambazo mkulima hazioni. Huku mwaka hugawanywa kwa mvua, yaani vuli, ukavu mfupi wa Januari na Februari, kisha masika. Wala joto lenyewe si lile la pwani, kwa maana nchi hii imeinuka kupita Ziwa Nyanza, ambalo uso wake uko mita 1,134 juu ya bahari, na usiku wa kuamkia Krismasi watu hutoka kanisani wamejitanda khanga na makoti.

Mgeni mwenye kutamani theluji ya kwao yafaa akumbushwe, kwa upole, kwamba Injili, katika habari za kuzaliwa kwa Yesu, haitaji theluji hata mara moja. Tarehe 25 Desemba ilithibiti Rumi, na maandishi ya kale kabisa yanayoitaja yametoka katika kalenda ya mji huo ya mwaka 354. Wakristo wa Misri na Ethiopia, walio wazee wa dini hii katika bara letu, husherehekea tarehe 7 Januari. Aliyeifunika Bethlehemu kwa theluji katika fikira za Waingereza wengi ni mshairi Christina Rossetti, kwa shairi lililochapishwa 1872 na baadaye kutiwa muziki. Na mti uliopambwa, ambao ulikuwa ada ya Wajerumani, ulienea Uingereza baada ya gazeti moja la London kuchapa, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka. Nayataja haya si kwa kuyadharau, kwani ni mambo mazuri, na kila taifa lina haki ya kuivika sikukuu vazi la majira yake. Sisi nasi tunalo letu: mkrismasi, mti uliotoka Bukini, yaani Madagaska, ukaenea katika miji yetu, huwaka maua mekundu mwezi huu huu bila ya kupambwa na mtu. Ndiyo maana huniuma kuona dukani pamba nyeupe imebandikwa kwenye tawi la plastiki iwe mfano wa theluji, ilhali nje ya mlango mti ule umesimama na fahari yake yote.

Hata hivyo, lililo zito kwa mgeni halimo katika jua. Aghalabu yeye ni mwalimu, tabibu au mtumishi wa kanisa. Na wageni wa aina yake si wapya katika mkoa huu wa Mara, kwani Wamenoni waliotoka Pennsylvania, Marekani, walianza kazi yao Shirati mwaka 1934. Chukua mfano wa mwalimu wa kujitolea aliye katika shule ya bweni. Mitihani ya taifa ya kidato cha nne imekwisha Novemba, na mapema Desemba shule imefungwa. Wanafunzi wamebeba masanduku na magodoro yao kwenda makwao, walimu wenziwe wamesafiri Musoma, Tarime au Mwanza, na ua uliokuwa na kelele tangu alfajiri sasa hauna sauti ila ya ndege. Hapo ndipo ugeni humwelemea mtu, naye hudhani anaililia theluji, kumbe anawalilia watu.

Dawa ya hali hiyo naijua moja tu, nayo ni jirani anayebisha hodi tarehe 24 na kusema, "Mwalimu, kesho usipike." Maneno hayo yakishatamkwa, mengine hufuata njia yake. Asubuhi huongozwa kanisani, ambako kwaya zilizofanya mazoezi kwa majuma mengi hupokezana hata ibada ikapita muda wa saa tatu, na hakuna anayetazama saa. Watoto wamevaa nguo mpya, pengine ndizo pekee watakazonunuliwa mwaka mzima, nao hutembea kwa uangalifu ili vumbi lisizipate. Kisha ni kwenda nyumba hata nyumba: hapa pilau na nyama ya mbuzi, pale ugali wa mtama na kuku, kwingine chai ya maziwa iliyokolea, na mgeni hufahamu mapema kwamba kwa kila mji anaoingia hana budi kuonja, kwani mwenye nyumba ameuhesabia ujio wake. Hapewi zawadi iliyofungwa kwa karatasi. Hupewa kiti, maji ya kunawa, kitoto cha kupakata, na maswali mengi kuhusu wazazi wake na kama bado wako hai. Siku ya pili, ambayo nayo ni ya mapumziko kwa sheria ya nchi, mambo huendelea.

Mara imewahi kumtoa mtu wake kwenda upande wa pili wa hali hii. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyebatizwa tarehe 23 Desemba 1943, alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hata 1952, katika mji ambao mwezi huo jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Zaidi ya hayo, siku ya Krismasi haikuwa sikukuu ya serikali Uskoti hata mwaka 1958. Wengi walikwenda kazini kama siku yoyote. Msomaji na akadirie jinsi giza lile na milango ile iliyofungwa ilivyomkabili kijana aliyelelewa katika miji ya Wazanaki, watu wa kwao, ambako mlango haufungwi mchana.

Wala ughaibu si wa wavuka bahari peke yao. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, wako wasichana waliotoroka makwao kwa miguu mwezi wa Desemba, kwa sababu shule zikifungwa ndipo baadhi ya jamaa za Mara huwakeketa binti zao, ijapokuwa sheria ya 1998 inakataza kumtendea hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2014 Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua huko nyumba ya kuwahifadhi, ikasimamiwa na Bi Rhobi Samwelly, ambaye baadaye aliasisi shirika lake la kazi hiyo hiyo. Tangu hapo wako wasichana wanaokula Krismasi mbali na mama zao, hali makwao kunafikika kwa basi la siku moja. Ugeni wao wauzidi wa mwalimu yule, kwa kuwa yeye ana tarehe ya kurudi.

Basi wewe usomaye haya ukiwa Issenye, Natta, Mugumu au popote penye mgeni, mpelekee neno kabla ya tarehe 24, umwambie asipike. Na ukiwa na mbuzi wa ziada, nyumba ya wasichana wale waijua ilipo.