Lukuga, Mlango wa Ziwa Letu

Kila niwasikiapo wanafunzi wakishindana juu ya mabwawa makubwa ya dunia, naona wote hupima ukuta. Mmoja hutaja Hoover la Marekani, lililomalizika mwaka 1936, ambalo ukuta wake una kimo cha mita 221. Mwingine humjibu kwa Kariba katika mto Zambezi, mita 128. Wa tatu huleta lile bwawa la Ethiopia katika Nili ya Buluu, lililofunguliwa Septemba 2025, mita 145. Ni kazi za ajabu kweli, wala sitaki kuzipunguzia sifa. Lakini sisi wa Rumonge, na wenzetu wa pwani yote ya Burundi toka Gatumba hata Nyanza-Lac, twakaa kando ya maji mengi kuliko hayo yote, nayo yanazuiliwa na kizingiti ambacho wengi wetu hatujapata kukiona. Kiko ng'ambo, upande wa Kongo, katika mji wa Kalemie, pale mto Lukuga utokapo ziwani.

Kwanza tufanye hesabu kidogo. Eneo la Ziwa Tanganyika ni kama kilometa za mraba 32,900. Basi maji yakipanda mita moja tu, zimeongezeka karibu kilometa 33 za ujazo. Hoover likijaa kabisa lina kama kilometa 35 za ujazo. Maana yake, ukuta ule wote wa mita 221 wazuia maji yaliyo sawa na mita moja na kidogo ya ziwa letu. Bwawa la Ethiopia lina kilometa 74, yaani mita mbili na robo. Kariba, ambayo kwa wingi wa maji yashinda mabwawa yote yaliyojengwa na watu, ina kilometa 180 hivi: mita tano na nusu. Na Tanganyika yote, toka juu hata chini kabisa, ina kama kilometa 18,900 za ujazo. Hizo ni Kariba mia moja na tano. Mwalimu wa hesabu asiyeniamini na achukue chaki.

Maji hayo huingia kwa njia nyingi. Toka kaskazini huja Ruzizi, uletao maji ya Ziwa Kivu. (Hata Kivu ni habari ya bwawa: zamani sana maji ya upande ule yalielekea kaskazini, hata volkano za Virunga zilipotapika mawe ya moto na kuziba bonde, ndipo yakapata njia ya kushuka kwetu.) Toka mashariki huja Malagarasi. Hapa Rumonge tuna Dama na Murembwe. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, uendao kuungana na Lualaba na kuwa mto Kongo. Tena mlango huo ni mdogo kwa ziwa kubwa namna hii. Sehemu kubwa ya maji yetu haitoki kwa mto, bali hupanda juu kuwa mvuke. Basi miaka miwili mitatu ya mvua nyingi ikifuatana, ziwa hupanda, na mlango hauwezi kuyatoa maji upesi. Miaka ya ukame ikifuatana, maji hushuka hata karibu na usawa wa kizingiti, na mto huwa kama kijito.

Jambo hili liliwasumbua sana wasafiri wa karne ya 19. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipita kwa mtumbwi pwani hii yetu hata ncha ya kaskazini, wakaona kwamba Ruzizi waingia ziwani, hautoki. Sasa, je, maji yatokea wapi? Mwaka 1874 Cameron alifika Lukuga akasema, ni hapa. Mwaka 1876 Stanley akaenda kuhakikisha. Akakuta mafunjo, matete na matope yamejaza njia, na maji hayaendi. Wengine wakadhani mmoja wao hakuona vizuri. Kumbe wote wawili waliona sawasawa. Katika miaka ya maji machache matope na majani yalikuwa yameuziba mlango, na nyuma ya kizuizi hicho ziwa likawa linapanda mwaka kwa mwaka. Stanley mwenyewe alitambua kwamba haitakawia litafurika pale.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1878 hivi kizuizi kilibomoka, na mwaka 1879 mmisionari Hore alikuta mto wenye nguvu ukienda magharibi. Kabla ya karne kwisha ziwa lilikuwa limeshuka kama mita 10. Fikirini: mita 10 za ziwa hili ni kilometa 330 za ujazo, nazo zakaribia Kariba mbili, na zote zilikuwa zimezuiliwa na matope na matete! Mhandisi hakuwapo. Atakayefika Ujiji na aende mahali pa ukumbusho wa Livingstone na Stanley, kisha atembee kwa miguu hata yalipo maji leo. Ndipo atajua maana ya zile mita.

Wakati wa ukoloni Wabelgiji walijenga banio pale Lukuga ili maji yasishuke mno, nalo baadaye likaharibika. Neno hili banio ndilo walitumialo ndugu zetu wa Kigoma, nao wana haki ya kulijua. Katika miaka ya 2010 ziwa lilishuka, meli zikapata shida bandarini, na serikali ya Tanzania ikawa inataka banio lijengwe upya ili maji yapande. Haukupita muda mrefu yakapanda yenyewe. Toka mwaka 2020 mvua zilizidi, na mwaka 2021, kisha tena Aprili na Mei 2024, ziwa lilifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Kwetu maji yaliingia katika nyumba za Kanyenkoko na bandarini pia. Niliona mitumbwi ikifungwa penye nguzo za baraza, na watu wakihamisha magodoro na madebe ya mawese vichwani. Wazee hawakushangaa sana. Mwaka 1964 walikwisha kuyaona maji yakifika karibu kimo hicho hicho. Baadaye ziwa lilirudi nyuma, nasi tukajenga pale lilipokuwa limelala. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 yakataza kujenga ndani ya mita 150 toka ukingo wa ziwa, lakini nyumba nyingi zilikuwapo kabla ya sheria.

Hapa wengine husema: basi tuchimbe mlango, maji yatoke. Wengine husema: tujenge ukuta na milango ya chuma. Kwa maoni yangu milango yafaa kuliko kuchimba ovyo, maana kilichochimbwa hakifunguki na kufungwa; ukame ukija, maji yataendelea kutoka. Lakini hata milango si dawa ya kila kitu. Haiwezi kutoa haraka maji ya mvua ya mwaka mzima, wala mto ulio chini yake hauwezi kubeba yote pasipo kuwadhuru wakaao kando yake.

Tena mfano tunao karibu. Mwaka 1954 huko Jinja, Uganda, lilifunguliwa bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale. Kimo chake ni mita 31 tu, lakini tangu siku ile Ziwa Victoria lote limekuwa maji ya nyuma ya bwawa. Wakapatana kwamba maji yapitishwe kwa kadiri ile ile ambayo yangepita yenyewe kama zamani, kulingana na usawa wa ziwa. Ukame ulipokuja miaka ya 2004 hata 2006 Victoria lilishuka sana, na waliochunguza walisema kwamba si jua peke yake. Maji yaliyopitishwa mitamboni yalizidi kipimo cha mapatano.

Sisi mapatano tunayo. Tarehe 12 Juni 2003, mjini Dar es Salaam, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa, na ofisi ya mamlaka yake ikawekwa Bujumbura. Kwa mkataba huo nchi itakayo kufanya kazi iwezayo kuwadhuru wenzake haina budi kuwaarifu kwanza. Mlango uko Kalemie, lakini ukifungwa sana katika miaka ya mvua, watakaohama ni watu wa Kanyenkoko na Gatumba. Ukiachwa wazi mno katika miaka ya ukame, meli za Kigoma na Mpulungu hazitafika gatini, na wavuvi wetu hapa Rumonge watasukuma mitumbwi katika matope.