Kobayi mpya nyumbani: siku 14 za kwanza na alama za kuangalia



Koperative nyingi zinagawa kobayi kwa mkopo wa kupokezana. Familia ya kwanza inapokea majike na dume, wakizaa inatoa watoto kwa familia ya pili, na ya pili kwa ya tatu. Huu ni mpango mzuri, kwa sababu haudai franka nyingi wala shamba kubwa. Lakini tukumbuke jambo moja: ugonjwa nao unapokezwa. Kobayi mmoja aliyeingia na kikohozi kwa familia ya kwanza anaweza kumaliza wanyama wa familia zote zinazongoja zamu.

Ndiyo maana tunaandika habari za siku 14 za kwanza. Kobayi wengi wageni wanakufa ndani ya siku hizo, na mara nyingi mwenye nyumba anasema: "Jana alikuwa mzima." Kwa kweli jana alikuwa mgonjwa tayari, ila hakuna aliyejua mahali pa kuangalia.

Mnyama anayeficha udhaifu wake

Kobayi, ambaye kwetu Kivu wengi wanamwita dende na ndugu zetu wa Tanzania wanamwita simbilisi, alitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Watu wa huko walianza kumfuga kwa ajili ya nyama miaka elfu nyingi iliyopita. Leo Kivu ya Kusini inajulikana kwa ufugaji huu. Watafiti wa CIAT na wa Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika cha Bukavu wamefanya kazi juu yake, na waliyoyaona ninyi mnayajua: kobayi anakula majani na mabaki ya jikoni, watoto wa nyumba wanaweza kumtunza, na vurugu zikija anabebeka ndani ya kikapu. Mbuzi anaonekana mbali, kobayi haonekani.

Lakini porini babu zake walikuwa chakula cha ndege wakali, mbweha na nyoka. Aliyeonyesha kwamba ni dhaifu ndiye aliyekamatwa kwanza. Basi tabia ile imebaki: kobayi mgonjwa halii wala halalamiki. Anakaa na wenzake, anasogea kidogo ukipita, unadhani ni mzima. Siku anapolala ubavu mbele yako, mara nyingi umekwisha kuchelewa. Kwa hiyo usingoje sura yake ikuambie. Angalia vitu vitatu ambavyo hawezi kuvificha: anachokula, kinyesi chake, na uzito wake.

Shida inaanza njiani

Njia ya kutoka Baraka, kupanda Fizi, mpaka Kilembwe ni ndefu, na wanyama wengi wanakuja juu ya pikipiki, ndani ya kartoni iliyofungwa, chini ya jua. Kobayi anavumilia baridi kidogo, lakini joto linamwua. Hewa ikipita digrii 30 anaanza kuteseka, na ndani ya kartoni isiyo na matundu joto linapanda upesi sana.

Msafirishe asubuhi na mapema au jioni. Tumieni kikapu au kartoni yenye matundu pande zote, na majani makavu chini. Ndani muweke majani mabichi kidogo ili wale njiani, maana kobayi hapaswi kushinda na njaa. Msiwajaze wakapandana. Kobayi akifika amejinyosha chini, anahema kwa nguvu, mate yanamtoka, hiyo ni alama ya joto. Mumuweke kivulini penye hewa, mumfute masikio na miguu kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, mumpe maji anywe mwenyewe. Msimtumbukize ndani ya maji baridi.

Mahali pa kumtenga

Mgeni asiingie moja kwa moja kwa wenyeji, hata akionekana mnene na mzuri. Akae peke yake, au na wale aliokuja nao, siku 14. Wakiwa wametoka sokoni, mahali ambapo wanyama wa nyumba nyingi wamechanganyika, afadhali siku 21.

Kizimba kiwe pakavu na kiinuliwe kutoka ardhini, maana sakafu yenye unyevu inaleta ugonjwa wa mapafu. Wengi wanawafuga jikoni. Haina shida, lakini msiwaweke karibu na mafiga ambapo moshi unawapiga usiku na mchana. Ndani ya kizimba muweke kitu cha kujifichia: kipande cha bidoni kilichokatwa, au kartoni ndogo yenye mlango. Mgeni asiyekuwa na pa kujificha anabaki na hofu siku zote. Muzibe matundu yanayopitisha panya, paka na nyoka, na muangalie siafu: wakiingia usiku, kobayi aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Anayewalisha ahudumie kwanza wenyeji, halafu wageni, halafu anawe mikono kwa sabuni. Akifanya kinyume, anabeba ugonjwa yeye mwenyewe.

Ni hofu ya ugeni, au ni ugonjwa?

Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa. Kila kobayi mgeni anaogopa. Anajificha, anaganda kama jiwe ukikaribia, anakimbia akizunguka kizimba, wote wanarundikana pembeni moja. Wengine wanagonganisha meno au wanasimamisha manyoya ya shingo. Hayo ni ya hofu. Usimshikeshike, watoto wasimtoe nje kumchezea, mbwa asije kunusa. Mpe majani, mpe maji, mwache.

Tofauti ni hii: mwenye hofu anakula usiku, mgonjwa hali kabisa. Jioni weka majani yaliyohesabiwa, tuseme konzi mbili kwa kila mmoja. Asubuhi angalia. Majani yamepungua na kinyesi kipo, huyo anaogopa tu. Siku ya pili au ya tatu atatoka mafichoni, na baada ya muda atalia "wii, wii" akisikia unaleta majani. Sauti ile ni habari njema.

Lakini akipitisha siku nzima, masaa 24, bila kula na bila kinyesi kipya, usiseme "bado anazoea". Tumbo la kobayi limeumbwa kufanya kazi wakati wote. Likisimama, gesi inajaa, na anaweza kufa upesi.

Alama moja moja

Kila asubuhi mmoja wa nyumba aangalie hivi, kuanzia mbele mpaka nyuma:

• Macho: yawe makavu na yenye kung'aa. Yakitoa machozi au utandu, ni alama ya ugonjwa, ya vumbi au ya moshi. Hamisha kizimba, yasipopona ndani ya siku mbili, mwite veterineri.

• Pua na pumzi: kamasi, kupiga chafya mara nyingi, au sauti ya kukoroma ndani ya kifua ni alama ya mapafu. Ugonjwa huu unaenea upesi kwa hewa. Mtoe kwa wenzake siku hiyo hiyo.

• Mdomo na kidevu: kidevu kikiwa na mate na anaacha majani baada ya kuyatafuna kidogo, meno yanamuuma. Meno ya kobayi yanakua maisha yote. Asipopata majani magumu ya kuyasugua yanazidi urefu.

• Shingo: uvimbe mgumu chini ya taya mara nyingi ni jipu lenye usaha. Msilipasue nyumbani, usaha unaambukiza wengine.

• Kichwa: kikiinama upande mmoja, au akizunguka duara, sikio la ndani linaumwa.

• Ngozi: kujikuna sana, magamba, manyoya yanayotoka ni alama ya ukurutu au chawa. Duara lisilo na manyoya linaweza kuwa choa, nayo inapita kwa watu, hasa watoto. Mnaweni mikono kila mkimshika.

• Miguu: akikataa kutembea, magoti yakivimba, akilia ukimshika, fikiri kwanza upungufu wa vitamini C.

• Nyuma: kinyesi kizuri ni punje ngumu kidogo, ndefu kama maharagwe madogo, zinazofanana. Punje ndogo sana na kavu zinaonyesha kwamba hali au hanywi vya kutosha. Kinyesi cha maji na manyoya yaliyolowa nyuma ni hatari kubwa. Ukimwona anainama kula kinyesi chake laini, usishituke: ndiyo kawaida yake, anapata vitamini humo.

Halafu uzito. Mpimeni siku ya kufika, siku ya 7 na siku ya 14, kwa mizani ndogo ya duka au ya jikoni, na muandike ndani ya daftari. Kobayi aliyefika na gramu 600 akabaki na 540 amepoteza sehemu moja ya kumi. Huyo ni mgonjwa hata kama macho yake yanang'aa. Kama mizani hakuna, pitisha kidole mgongoni: mifupa ikichoma kama msumeno, amekonda.

Chakula chenye kumponya

Kobayi hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, sawasawa na sisi watu. Mbuzi na sungura wanaweza, yeye hawezi. Akilishwa pumba na majani makavu peke yake, wiki mbili au tatu zinatosha kumletea ugonjwa: magoti yanavimba, fizi zinatoa damu, manyoya yanasimama, kidonda hakiponi. Watu wanasema amerogwa au amevunjika. Amekosa majani mabichi tu.

Kila siku kobayi mkubwa apate gramu 150 mpaka 200 za majani mabichi: matembele, lengalenga, majani ya shamba. Kipande cha pera ni dawa ya karibu, maana pera lina vitamini C nyingi kupita chungwa. Majani yenye umande au mvua yatandazwe kwanza kivulini mpaka maji yakauke, yasimjaze gesi. Msimpe majani ya avoka, ya nyanya wala ya viazi mviringo: yana sumu. Na msibadilishe chakula chote kwa siku moja. Muulizeni aliyewapa alikuwa anamlisha nini, muanze na hicho, halafu muongeze chenu kidogo kidogo ndani ya wiki.

Jike mwenye mimba

Mimba ya kobayi ni siku 68 hivi, na mwishoni tumbo ni kubwa sana. Jike wa namna hiyo akikosa chakula siku moja au mbili kwa sababu ya safari au hofu, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa nguvu na damu inaingia sumu. Analegea, hali, anakufa na watoto tumboni. Kwa hiyo kamati isigawe majike wenye mimba kubwa. Wangoje wazae, watoto wafike wiki tatu, ndipo wasafiri. Na kila kobayi ashikwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya matako.

Dawa inayoua

Hili tunaliandika kwa herufi nzito: msimpe kobayi vidonge vya watu. Ampisilini, amoksisilini na penisilini, ambazo ziko kila duka la dawa, zinaua vijidudu vizuri vya tumbo lake. Vibaya vinabaki peke yao na kuzaa sumu. Kikohozi kinaweza kupoa, na mnyama akafa kwa kuhara baada ya siku chache. Dawa gani na kipimo gani, hayo ni ya veterineri.

Wakati mnamngoja, kuna kazi ya kufanya: mtengeni, mumkinge baridi na upepo, mumpe majani mabichi na maji safi. Asipokula mwenyewe, ponda majani na maji, mumtilie kidogo kidogo pembeni ya mdomo kwa sirinji isiyo na sindano, mara nyingi kwa siku. Msimmiminie akiwa chali, maji yataingia mapafuni.

Akifa, asiliwe na asitupiwe mbwa. Mzikeni ndani kabisa, mchome majani aliyolalia, muoshe kizimba na kukianika juani.

Kabla ya kupokeza

Tunaziomba kamati zikubaliane juu ya sheria moja: hakuna kobayi anayetoka nyumba hadi nyumba kama daftari halionyeshi siku 14 bila mgonjwa katika kizimba kile. Familia inayongoja ivumilie. Na familia yenye mgonjwa isione haya kusema, wala isitozwe faini kwa kusema. Tukimwadhibu anayetoa habari, wengine watanyamaza, na ugonjwa utajulikana ukiwa umefika kwa familia ya sita.

Jioni ya leo, mwenye kobayi mgeni ahesabu majani anayoweka. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda shamba, aangalie yaliyobaki na kinyesi kilichopo. Ni dakika tano tu, na ndani ya dakika hizo atajua kama mnyama wake anaogopa au anaumwa.