Kona ya dari isikuumbue!

Niwaambie ukweli washikaji zangu, chumba kinaweza kuwa na sofa za bei mbaya na rangi ya kufa mtu, lakini ukiinua macho ukaona kona ya ule mkanda wa mbao unaozunguka dari imeachama kama mdomo wa kambale, stimu zote zinakata. Ukimuuliza fundi atakwambia ati mbao imecheza. Wapi bwana! Hesabu ndiyo imecheza.

Juzi kati nilipita Sinza kwenye nyumba inayomaliziwa, nikamkuta kijana mmoja jasho linamtoka. Vipande viwili vya mninga keshavikata vimegoma kukutana, kabakiwa na kimoja, na mwenye nyumba yuko njiani. Mninga si wa kuchezea, unakatwa kwenye ujira wako huo! Mashine anayo safi tu, ile ya umeme ambayo msumeno wake unageuka kushoto na kulia, halafu unalala na ubavu. Kageuza nyuzi 45, kalaza 45. Mambo hayo!

Kisa ni kwamba mkanda wa dari hausimami wima, umeegama. Ukiulaza chali mezani unaukata pembe mbili kwa mpigo, na hakuna hata moja inayotoka 45. Kwa kona ya nyuzi 90, mkanda ulioegama 45 unataka ugeuze 35.3 na kulaza 30. Ule ulioegama 38 kutoka ukutani, uliozoeleka sana Marekani, unataka 31.6 na 33.9. Mashine nyingi zina vialama vyake hapo hapo, watu wanadhani urembo!

Mzee mmoja aliyekuwa anapachika milango akamwonea huruma. "Kijana wangu, zima kwanza hiyo kitu." Akamwonyesha njia ya wavivu, ambayo mimi naipenda zaidi: mkanda unaugeuza kichwa chini, ukingo wa kukaa darini unaulaza mezani, ule wa ukutani unauegemeza kwenye kizuizi cha nyuma. Hapo msumeno unageuza tu, hulazi kitu. Ila uwe mkanda mwembamba, mpana hauenei.

Halafu akachukua vibao viwili vilivyofungwa skrubu moja, akavibana konani. Nyuzi 92! Kuta zetu hizi, si unajua tena plasta zake. Nusu yake 46, ukiitoa kwenye 90 mashine unaigeuza 44, si 45. Wakajaribu kwanza kwenye mabaki, kisha mninga wakaukata kwa kuuzidisha urefu kidogo, wakaupunguza mdogo mdogo. Miwani usoni, vidole mbali, na mzee hakumruhusu kuinua msumeno mpaka umesimama kabisa, maana ukiinua unazunguka unachana ukingo, au unarusha kipande.

Ikakaa, wajameni! Vile viwili vilivyoharibika mzee akavipangia ukuta mfupi, kule nyuma ya mlango.